Kishikwambi Sasa Kipewe Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vishikwambi viliingia shuleni mwetu mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya kumaliza kazi ya Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 23 mwaka huo. Serikali iliamua kwamba vifaa hivyo, vipatavyo 300,000 kwa Bara na Visiwani, visiozee ghalani bali wapewe walimu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu na maofisa wanaosimamia elimu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na hatuna haja ya kuupinga. Lakini miaka imepita, mgeni amekwisha kuizoea nyumba, na wakati umefika wa kuuliza bila kuoneana haya: jembe lake liko wapi?

Tunauliza swali hili kwa sababu linawahusu watu wa Mwanza na wa mwambao wote wa Ziwa Victoria kuliko wanavyodhani. Kishikwambi alicho nacho mwalimu ndicho mlango ambao Taifa limeuchagua kwa ajili ya kumwendeleza akiwa kazini. Mlango ukifunguka, mwalimu aliyeko Ukara, Kome au Maisome atapata mafunzo sawa na mwenzake aliyeko Nyamagana. Ukikwama, tofauti iliyopo baina ya mtoto wa mjini na mtoto wa kisiwani itazidi kupanuka, na safari hii itapanuka kwa fedha za umma.

Yafaa kwanza tueleze mpango wenyewe ulivyo. Taasisi ya Elimu Tanzania inaendesha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo walimu wameyazoea kwa jina la MEWAKA. Mpango huo umesimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni jumuiya ya kujifunza ndani ya shule, ambamo walimu hukutana, huchagua somo au mada inayowatatiza, huisoma pamoja, huijaribu darasani, kisha hurudi kuulizana imekwendaje. Figa la pili ni kituo cha walimu, ambako walimu wa shule jirani hukutana. Figa la tatu ni mtandao, ambako Taasisi imeweka moduli za mafunzo, vitabu na maktaba, ili mwalimu ajisomee kwa wakati wake na apimwe alichokielewa.

Hakuna mpishi anayeinjika chungu juu ya figa moja. Hata hivyo, katika mazungumzo mengi kuhusu jambo hili, figa la tatu ndilo linalotajwa peke yake. Tunasikia idadi ya vifaa vilivyogawiwa na idadi ya walimu waliojiandikisha. Ni mara chache kusikia ni walimu wangapi wamebadili namna ya kufundisha kugawanya na sehemu katika Darasa la Nne, au namna ya kumsaidia mtoto wa Darasa la Pili ambaye bado hajui kuunganisha silabi. Kazi ya mafunzo ni hiyo ya darasani. Idadi za vifaa ni hesabu ya bohari.

Watu wa kanda hii wana sababu njema ya kuupenda mtandao. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38. Mwalimu wa Ukara anayeitwa kwenye semina Mwanza huvuka maji hadi Bugolora, husafiri kwa barabara hadi Nansio, kisha hupanda meli kwa muda wa saa kadhaa kuja mjini. Semina ya siku mbili humla siku nne, na katika siku hizo nne darasa lake halina mtu. Tena maji haya hatuyachukulii kwa mzaha. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kikikaribia Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Safari yoyote inayoweza kuepukwa bila kumpunja mwalimu elimu yake ni heri iepukwe.

Juni 19, 2025 lilizinduliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa yapata kilometa 3, nalo limeondoa adha ya foleni ya kivuko kwa wasafiri wa Sengerema na Geita. Ni kazi ya kujivunia. Lakini hakuna Serikali duniani inayoweza kujenga daraja hadi kila kisiwa chenye shule. Kwa watoto wa visiwani, daraja linalowezekana ni lile la mawasiliano, na gharama yake haifiki hata chembe ya gharama ya zege na nondo. Ndiyo maana tunasema kwamba kulitelekeza daraja hilo likiwa limekwisha kuanza kujengwa ni kosa lisilo na udhuru.

Wako wanaodhani kwamba kumfundisha mtu akiwa mbali na chuo ni jambo jipya lililoletwa na intaneti. Historia ya mkoa huu inakanusha. Mwaka 1968 ulianzishwa hapa Mwanza mpango wa majaribio wa kisomo kwa watu wazima, ulioungwa mkono na UNESCO, ukahudumia mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Mpango huo uliodumu hadi mwaka 1972 ndio uliolipa Taifa zima fikra ya Kisomo chenye Manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, na mama wa nyumbani kwa kitabu cha maarifa ya nyumbani. Hakuna aliyeambiwa ajifunze kusoma ili baadaye ajue kusoma kutamfaa nini. Manufaa yalikuwamo ndani ya somo lenyewe.

Wakati huo huo, Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya 6 ambazo Mwalimu Nyerere alitaka ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe ndani yake kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Redio nayo ikapewa kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana na kutenda. Mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho likaanza kutolewa Mwanza kwa ajili ya watu wa vijijini waliokwisha kujifunza kusoma, ili wasisahau. Takwimu za Taifa zinaeleza matunda ya jitihada hizo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1986 hesabu ya Serikali iliwakuta wasiojua wakiwa chini ya asilimia 10.

Tukumbuke pia kilichofuata. Fedha zilipopungua, vikundi vikavunjika, vitabu vikachakaa na wasimamizi wakahamishiwa kazi nyingine. Sensa ya mwaka 2012 ikakuta kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watu watano hajui kusoma na kuandika. Moto usiochochewa huzimika, hata kama uliwashwa kwa mbwembwe. Funzo hilo linawahusu moja kwa moja wale wanaosimamia vishikwambi leo.

Funzo la pili linatoka ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Speke, mjini Musoma. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha pale Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe amepata nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Watoto waliokuwa shuleni walikuwa takriban milioni 1.2, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamezidi milioni 3. Vyuo vya ualimu visingeweza kamwe kutoa walimu wa kuwatosha. Serikali ikaamua kuwafunza walimu wakiwa vijijini mwao. Zaidi ya vijana 40,000 waliandikishwa. Walifundisha watoto kwa sehemu ya juma, na sehemu iliyobaki wakajifunza wao wenyewe, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na mratibu wa elimu katika kata.

Mpango huo umelaumiwa mara nyingi, na baadhi ya lawama ni za haki. Vijana wengi waliingia wakiwa na elimu ya Darasa la Saba tu. Masomo yalichelewa kufika, mazoezi yaliyosahihishwa yalichelewa kurudi, na penye redio betri zilikosekana. Lakini anayelaumu aseme pia kwamba wengi kati ya vijana hao walifuzu, wakashika chaki kwa miaka mingi, na kwamba wapo wataalamu na viongozi wengi leo ambao herufi ya kwanza walionyeshwa na mwalimu wa namna hiyo. Mpango ulisimama pale ambapo mratibu alifika kwa baiskeli yake, akaketi na mwanafunzi wake, akamsikiliza na kumsahihisha. Ulianguka pale ambapo barua ilitarajiwa kufanya kazi ya mtu.

Leo barua imegeuka kuwa moduli ya mtandaoni, betri ya redio imegeuka kuwa chaji ya kishikwambi, na posta imegeuka kuwa bando. Mashaka yamebadili sura, asili yake ni ile ile. Na hapa inafaa tuseme kwamba Taifa letu limetoka mbali katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini baada ya kuona hasara zilizoletwa na mashine ambazo watu wake hawakuwa wameandaliwa kuzitumia. Ilichukua miaka mingi kwa somo la kompyuta kuingia katika mihtasari ya shule za sekondari, nalo liliingia mnamo mwaka 1996, na Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ikatolewa mwaka 2007. Kutoka marufuku ile hadi vishikwambi 300,000 ni safari ndefu. Ila sababu ya marufuku bado ni onyo: mashine bila mtu aliyeandaliwa ni hasara.

Sasa tutazame vikwazo vilivyopo, maana visipotajwa kwa majina yake havitaondoka.

Cha kwanza ni bando. Mwalimu anayepakua moduli au kutazama somo la video hutumia fedha. Tunauliza fedha hizo ni za nani. Karani wa halmashauri hanunui wino wa mashine ya ofisi kutoka katika mshahara wake, wala nesi haleti sindano kutoka nyumbani kwake. Iweje mwalimu ajinunulie kitendea kazi anachoagizwa kukitumia? Pale ambapo mwalimu anaachiwa mzigo huo, atakayesoma ni yule mwenye nafasi, na mwenye watoto wanne na mkopo wa benki atasubiri. Hapo mafunzo ya kazini yanakuwa yamegeuzwa kuwa anasa ya wachache.

Cha pili ni umeme na mawimbi ya simu. Kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini imefika mbali, na mwaka 2016 hata kijiji cha Bwisya kisiwani Ukara kilipata mtambo wa umeme wa jua. Lakini umeme kufika kijijini ni jambo moja, na umeme kuingia katika ofisi ya walimu ni jambo jingine. Shule iliyo umbali wa nguzo tatu kutoka kwenye njia ya umeme, ambayo haijaunganishwa kwa kukosa fedha za nyaya na soketi, iko gizani sawasawa na shule iliyo porini.

Cha tatu ni muda. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya msingi yalifurika. Mwalimu mwenye watoto 90 katika darasa moja, madaftari 90 ya kusahihisha, zamu ya wiki na kikao cha wazazi, akiambiwa ajisomee mtandaoni wakati wake wa ziada, atauliza kwa haki: wakati upi huo? Mafunzo yasiyokuwa na nafasi katika ratiba ya shule hufanyika usiku kwa macho mekundu, au hayafanyiki.

Cha nne, ambacho ni kigumu kukisema, ni mazoea mabaya. Kila mafunzo yanayoishia kwenye cheti huvuta watu wa kutafuta cheti. Mtu anaweza kubonyeza kurasa zote za moduli bila kusoma hata moja, na majibu ya jaribio yanaweza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp kabla jua halijatua. Mwalimu anayefanya hivyo hamdanganyi ofisa elimu aliyeko mjini. Anawadanganya watoto anaowakuta darasani kesho yake asubuhi. Tunawaomba walimu wetu, ambao tunawaheshimu na tunajua uzito wa kazi yao, wawe wa kwanza kukemea jambo hilo miongoni mwao.

Tunajua yako mawazo tofauti. Wapo wanaosema kwamba shule yenye watoto wanaoketi sakafuni na yenye matundu machache ya vyoo haipaswi kuzungumza habari za mtandao. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki fedha ya dawati ihamishwe kununua bando. Lakini tuipime vizuri. Vifaa vimekwisha kununuliwa na kugawiwa. Fedha hiyo haiwezi kurudi kuwa dawati. Kinachohitajika sasa ni kiasi kidogo cha kukifanya kilichonunuliwa kizae. Mtu aliyekwisha kununua mtumbwi na nyavu hasemi kwamba hana fedha ya kasia.

Wengine wanasema kwamba mtandao utakuwa kisingizio cha kutoajiri walimu. Hofu hiyo nayo tunaielewa, na tunatamka bayana kwamba hakuna kishikwambi kinachoweza kumtazama mtoto usoni na kutambua kwamba amelala bila kula. Mafunzo ya mtandaoni yamekusudiwa kumwongezea maarifa mwalimu aliyepo. Yakitumiwa kuficha upungufu wa walimu, sisi tutakuwa wa kwanza kuyapinga.

Machi 2020 shule zote zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yalirushwa kwa redio na runinga hadi shule zilipofunguliwa tena mwezi Juni. Siku zile zilituonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwamba somo linaweza kumfikia mtoto akiwa nyumbani. Pili, kwamba humfikia yule tu ambaye nyumba yao ina kifaa, umeme, na mtu mzima wa kumhimiza. Mwalimu anayejua kutumia vyombo hivi ndiye anayeweza kumfikiria pia yule mtoto asiyefikiwa, akamtafutia njia.

Mpaka hapa tumemzungumza mwalimu. Lakini mwisho wa safari ni mtoto. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unataka mwanafunzi apate stadi za kidijitali. Tunahofu kwamba stadi hizo zitafundishwa kama zilivyofundishwa mara nyingi zamani: mtoto kukariri ubaoni majina ya sehemu za kompyuta, kiini cha mashine, kibodi na kipanya, bila kuigusa, kisha kuyaandika katika mtihani na kuyasahau. Huko ni sawa na kumfundisha mtoto wa Igombe kuogelea kwa kuchora maji.

Warithi wa Kisomo chenye Manufaa hawapaswi kufundisha hivyo. Wa miaka ile walianza na pamba na samaki. Sisi tuanze na yale yanayowagusa watoto wa mwambao huu kila siku. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa watumiaji wa Ziwa Victoria. Mtoto wa mvuvi anayejua kuutafuta utabiri huo, kuusoma na kumweleza baba yake kabla hajasukuma mtumbwi kwenda majini usiku, amekwisha kupata elimu ya kidijitali, na huenda imeokoa nyumba yao. Mtoto anayejua kulinganisha bei ya dagaa ya mwaloni na ya sokoni mjini anamsaidia mama yake asipunjwe. Hayo ni masomo ya hesabu, ya jiografia na ya uraia, na hayahitaji chumba chenye kompyuta 40; yanahitaji mwalimu mwenye kishikwambi kimoja na fikra.

Tena kuna hatari ambazo mtoto lazima afundishwe kuzikwepa. Hakuna ukoo usio na mtu aliyewahi kupokea ujumbe wa kumwagiza atume fedha kwenye namba fulani, au simu ya mtu anayejidai kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu anayetaka namba ya siri. Wazee wetu walioponywa ujinga wa herufi mwaka 1971 wanaibiwa leo kwa sababu ya ujinga wa aina nyingine. Zipo picha za uongo, habari za uzushi, na sasa zipo programu za akili unde zinazoweza kutunga sauti na sura ya mtu asiyekuwepo, au kumwandikia mwanafunzi insha asiyoielewa yeye mwenyewe. Mtoto aulize: nani amesema? Amejuaje? Anafaidika na nini mimi nikiamini? Maswali hayo matatu ni elimu kubwa kuliko kujua kubonyeza.

Tunapenda kusema neno mahususi juu ya wasichana. Pale ambapo vifaa ni vichache, mkono wenye nguvu ndio unaotangulia. Mwalimu asipopanga zamu, wavulana wataishika kompyuta na wasichana watasimama nyuma wakitazama. Hali kadhalika kwa walimu wanawake: mafunzo yakiachwa yafanyike usiku nyumbani, mwenye kupika, kuogesha watoto na kuuguza ndiye atakayekosa. Hii ni sababu nyingine ya kutaka mafunzo yawe ndani ya saa za kazi.

Baada ya kuyapima hayo yote, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wanaohusika.

Kwanza, halmashauri zote za Mkoa wa Mwanza, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Ukerewe na Buchosa, zitenge katika bajeti zake fungu dogo la mawasiliano kwa kila shule, na fungu hilo lisomwe hadharani kama linavyosomwa fungu la chaki. Kampuni za simu nazo, zinazovuna fedha nyingi kutoka kwa watu wa Ziwa, zikubaliane na Serikali ili kurasa za mafunzo ya walimu na maktaba ya mtandaoni zifunguke katika mitandao yote bila kula bando. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao umekwisha kufanya kazi njema ya kupeleka vifaa shuleni na kuwapa walimu mafunzo ya TEHAMA, uvitazame visiwa kwa jicho la pekee.

Pili, kila kata iwe na kituo cha walimu kimoja kilicho hai: chenye umeme wa gridi au wa jua, chenye mtandao, na chenye mtu mwenye dhamana. Moduli zikipakuliwa hapo mara moja, zaweza kunakiliwa katika memori kadi na kupelekwa shuleni, zikasomwa bila mtandao wowote. Mwalimu wa Maisome hahitaji kuwa mtandaoni kila siku. Anahitaji somo limfikie.

Tatu, ofisa elimu kata apewe usafiri na siku za kutembelea shule kwa ajili ya mafunzo peke yake, akae nyuma ya darasa, asikilize, kisha azungumze na mwalimu kwa upole wa mtu wa kazi moja. Yeye ndiye mrithi wa yule mratibu wa baiskeli. Akigeuzwa kuwa tarishi wa kukusanya takwimu, mpango mzima utabaki kuwa karatasi.

Nne, kila shule itenge saa maalumu katika ratiba yake kwa ajili ya jumuiya ya kujifunza, na mwalimu mkuu mwenyewe aketi kama mwanafunzi. Mwalimu mkuu anayefungia vishikwambi kabatini kwa hofu ya kuharibika, tunamwambia kwamba kifaa kikikaa kabatini kinazeeka vile vile.

Tano, moduli ziandikwe kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, hasa zile za walimu wa shule za msingi ambao hufundisha kwa Kiswahili. Mwalimu asisome kwanza lugha kabla ya kulisoma somo. Vyuo vyetu vya ualimu vya Butimba na Murutunguru, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichopo Nyegezi, na tawi la Chuo Kikuu Huria hapa Mwanza, vinao wataalamu wanaoweza kuandika mifano inayotokana na mazingira ya Ziwa. Vipewe kazi hiyo.

Sita, wazazi na kamati za shule waulize. Katika kikao kijacho, baada ya kuzungumzia chakula na madawati, mzazi mmoja asimame na kuuliza kwa adabu: vishikwambi vya shule yetu viko vingapi, vinafanya kazi vingapi, na walimu wetu wamejifunza nini kwa muhula huu? Swali hilo lisichukuliwe kuwa uchokozi. Mali ni ya umma, na watoto ni wetu.

Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872 kwa hesabu ya Sensa ya 2022, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto. Vishikwambi vile vile vilivyowahesabu watoto hao ndivyo vilivyokabidhiwa walimu wao. Itakuwa aibu kubwa ikiwa Taifa litaonekana kuwa liliweza kuwahesabu kwa ustadi lakini likashindwa kuwafundisha.

Mwanza ilipopewa kazi mwaka 1968 haikungoja ielekezwe kila hatua. Ilibuni, ikajaribu, na nchi nzima ikaja kujifunza hapa. Vifaa vya leo havina maisha marefu, betri zinachoka na vioo vinapasuka, na kila muhula unaopita bila kazi ni muhula uliopotea. Tunawasihi viongozi wa mkoa, walimu na wazazi washike jambo hili msimu huu, kabla ya bajeti nyingine kupita. Jembe likabidhiwe, shamba lipo na mvua haisubiri.